Mechi za ligi ndogo Marekani ndio mtoko wa kikundi usiomwacha mtu nje (uzi maalumu)

Mpanga Misafara (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila kiangazi swali hili linarudi kwenye makundi yetu ya WhatsApp huku Marekani: kanisa, chama cha akina mama, wafanyakazi wa zamu moja au ukoo mzima wanataka kutoka pamoja, waende wapi? Majibu ni yaleyale, bustani ya wanyama, ufukweni, mgahawani. Kwa wale wanaopanga mitoko ya watu ishirini, thelathini, hamsini, napendekeza kitu kingine: mechi ya besiboli ya ligi ndogo. Nitasema kwa nini, kisha wazoefu waongeze.

Tuanze na ligi ndogo yenyewe. Ligi kuu ya besiboli ina timu 30, na kila moja ina timu nne za kulea wachezaji chini yake. Jumla 120, zimepangwa kwa ngazi: Triple-A iko juu, inafuata Double-A, halafu High-A, na chini kabisa Single-A. Mpangilio huu ulianza mwaka 2021. Nyingi ziko kwenye miji ambayo haina timu ya ligi kuu: Durham, Toledo, Lansing, Chattanooga, Montgomery. Kuna watu wetu wanaishi karibu kabisa na viwanja hivi na hawajawahi kuingia, kwa kudhani besiboli ni mambo ya wenyewe.

Sasa kiini cha hoja yangu. Wachezaji wa timu ndogo wanalipwa mshahara na timu kubwa. Timu kubwa ndiyo inaamua nani acheze, nani apandishwe, nani ateremshwe. Mwenye timu ndogo hana sauti kwenye kikosi chake. Mrushaji wake tegemeo anaweza kuitwa juu adhuhuri, na jioni akawa yuko kwenye ndege. Mfanyabiashara ambaye hawezi kukuahidi ushindi wala nyota atakuuzia nini? Anakuuzia jioni yenyewe. Ndiyo maana kila iningi (awamu ya mchezo) ikiisha unaona mtoto anashindana mbio na mtu aliyevaa kinyago cha timu, fulana zinarushwa jukwaani, bibi mmoja anaitwa kucheza muziki mbele ya watu. Montgomery, kule Alabama, timu inaitwa Biscuits na wana mzinga wa kuwarushia mashabiki biskuti, ile mikate laini ya kusini. Yote hayo yapo kwa sababu timu inaishi kwa tiketi, chakula na matangazo, na kikundi kinachokuja na watu arobaini kwa mpigo ni mgeni wa heshima kwao. Piga simu ofisini utakuta kuna mtu ambaye kazi yake ni vikundi tu, na anataka urudi mwakani.

Jambo la pili ni mchezo wenyewe. Besiboli ina nafasi nyingi za kupumua. Kati ya mrusho na mrusho kuna sekunde, kati ya nusu ya iningi na nyingine kuna dakika. Mtu anainuka, anakwenda kumchukulia mtoto maji, anarudi, anauliza nini kimetokea, anaambiwa, anaendelea na mazungumzo. Mpanga mtoko anatakiwa amfikirie yule anayejua mchezo kidogo kuliko wote, siyo shabiki. Shabiki atafurahi popote. Swali ni shangazi aliyefika nchini mwezi uliopita, kijana asiyependa michezo, mtoto wa miaka minne. Hao wakirudi nyumbani wanacheka, mtoko umefanikiwa.

Mambo ya kupanga kwa haraka:

Ratiba. Tangu 2021 timu nyingi hucheza mechi sita mfululizo na mpinzani mmoja, Jumanne hadi Jumapili, na Jumatatu huwa mapumziko. Kwa hiyo timu ikiwa nyumbani iko nyumbani wiki nzima. Usianze kutangaza tarehe kabla hujaangalia wiki za nyumbani.

Idadi. Bei ya kikundi kwa timu nyingi huanzia watu 10 hadi 20, kila timu na sheria yake. Bei ya tiketi huwa chini sana kuliko ya ligi kuu.

Sehemu ya kukaa. Kuna viti vya kawaida, na kuna eneo la pikiniki ambako chakula kimo ndani ya bei na mnakaa peke yenu. Kikundi chenye watoto wengi kitanufaika zaidi na pikiniki, au na ile nyasi ya nyuma ya uwanja pale ilipo, ambako watoto wanakimbia huku wazazi wanaona.

Uliza na haya: jina la kikundi kuonyeshwa kwenye ubao mkubwa, mmoja wenu kurusha mpira wa ufunguzi, watoto kukimbia kuzunguka vituo (zile pembe nne ambazo wachezaji huzikimbilia) baada ya mechi (timu nyingi hufanya hivyo Jumapili). Usipouliza hupewi.

Karibuni.

Kijiko cha Mbao

Uzi umekuja wakati wake mkuu. Mimi natafutia chama chetu, tuko kama thelathini na tano na hakuna hata mmoja anayejua sheria za huu mchezo. Watakaa muda wa saa tatu kuangalia mtu ameshika gongo? Nisaidie niwaelezeje.

Mpanga Misafara

Dada, usiwape darasa refu. Wape haya kwenye gari wakiwa njiani, yanatosha.

Timu inayorusha na kudaka ina wachezaji tisa uwanjani, nyingine inatuma mpigaji mmoja mmoja. Mechi ina iningi tisa, na kila iningi ina nusu mbili: wageni wanapiga kwanza, kisha wenyeji. Timu inaendelea kupiga mpaka watu wake watatu watolewe. Mtu anatolewa akikosa mara tatu, au mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa chini, au mpira ukifika kituo cha kwanza kabla yake. Akifika salama anakaa kituoni, akingoja wenzake wamsogeze. Vituo ni vinne, akivizunguka vyote akarudi alipoanzia ni pointi moja. Mpira ukivuka ukuta wa nje, mpigaji na wote waliokuwa vituoni wanaingia nyumbani. Mrushaji akirusha ovyo mara nne, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza.

Basi. Waambie waangalie watu wawili tu, mrushaji na mpigaji. Mengine yatajieleza, na jukwaani hakosekani mzee wa Kimarekani anayefurahi kuulizwa. Hilo ni jambo nimeliona likifungua urafiki wa kweli: watu wetu wanaoishi miaka bila kuzungumza na jirani wanajikuta wameelezwa mchezo mzima na mtu wa kiti cha nyuma, na yeye anauliza Swahili inasemwa wapi.

Ngome Imara

Naheshimu mawazo ya mleta uzi ila sikubaliani. Watu wanatoa pesa zao na siku yao ya mapumziko, wapelekwe wakaone walio bora. Ligi ndogo ni vijana wanaojifunza. Mimi ningekusanya mchango mkubwa kidogo twende ligi kuu mara moja kwa mwaka, kila mtu apige picha na uwanja mkubwa, awe na cha kusimulia.

Mpanga Misafara

Mkuu Ngome, hoja yako ina uzito kwa kikundi cha mashabiki. Ila tazama inavyokuwa kwa kikundi cha mchanganyiko. Ligi kuu utapata viti vya juu kabisa kwa bei ambayo mama mwenye watoto wanne ataiona nzito na atabaki nyumbani, na hatakwambia sababu. Umekata watu kabla hujaanza. Maegesho bei juu, mistari mirefu, watu hamsini wametawanyika sehemu tatu za uwanja. Ligi ndogo mnakaa pamoja, karibu kiasi cha kusikia mpira ukigonga glovu.

Halafu hao wanaojifunza ndio watakaokuwa wakubwa. Karibu kila nyota wa ligi kuu amepita huku. Na nyota aliyeumia akipona, kawaida hupelekwa kwanza timu ndogo siku chache kujinyoosha, kwa hiyo unaweza kumwona kwa bei ya tiketi ya kawaida. Mwaka 1994 Michael Jordan mwenyewe alicheza Birmingham Barons, Double-A, baada ya kuacha kikapu. Wastani wake wa upigaji ulikuwa .202, siyo mzuri, lakini akaiba vituo 30 (yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe) na watu wakafurika viwanjani kote walikopita. Jambo moja tu: usiuze mtoko kwa jina la mchezaji. Nimeshaeleza, leo yupo kesho kaitwa.

Ngome Imara

Hapo kwa mama mwenye watoto wanne nimekuelewa. Sikuwa nimelitazama upande huo. Bado kwa kikundi cha vijana watupu naona ligi kuu ina nafasi yake.

Mpanga Misafara

Kwa vijana watupu sikupingi.

Mkunga Mstaafu

Habari zenu wanangu. Mimi nafanya kazi na familia zilizofika kama wakimbizi, wengi kutoka Kivu na Katanga, waliopita makambini Tanzania, Burundi na Uganda. Nina jambo ambalo naomba kila mpangaji alishike.

Ijumaa au Jumamosi usiku timu nyingi hupiga fataki baada ya mechi. Tarehe 4 Julai karibu kila mahali. Kwa mtoto aliyezaliwa hapa ni raha tupu. Kwa mtu aliyekimbia milio ya risasi, fataki zinazolipuka bila taarifa juu ya kichwa chake gizani zinamrudisha alikotoka. Nimemshika mkono mama mzima anatetemeka jasho linamtoka, na watu waliotuzunguka wanashangilia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna aliyekuwa amemwambia, basi.

Kwa hiyo: ratiba ya fataki huwa imeandikwa kwenye kalenda ya timu tangu mwanzo wa msimu. Isome. Kama kikundi chako kina watu wa namna hiyo, chagua Jumapili mchana. Na kama mmeshanunua Ijumaa, waambie wote mapema kwa lugha wanayoielewa, na muwe na gari moja litakaloondoka iningi ya nane. Atakayetaka kubaki abaki kwa hiari yake. Wengine wakishajua ni fataki na zinaanza saa ngapi, wanakaa na wanafurahia. Kitu kinachoumiza ni kushtukizwa.

Vilevile baadhi ya viwanja vina chumba tulivu kwa ajili ya watoto wanaosumbuliwa na kelele. Uliza ukiwa unanunua tiketi, siyo mtoto akiwa tayari analia.

Mpanga Misafara

Mama, asante sana. Naomba moderator aiweke post hii juu kabisa ya uzi.

Naongeza hapohapo kuhusu kusoma kalenda: timu nyingi zina siku ya Alhamisi ya bia za bei rahisi. Kwa kikundi cha kanisa au chenye watoto, hiyo siku iepukeni. Na kuna siku za kuja na mbwa. Wengi wetu tuna wazee wasiotaka kukaa karibu na mbwa hata kidogo, nayo angalieni.

Bandari Salama

Kwa upande wa chakula nami nina la kusema, kwa sababu kikundi chetu ni cha Waislamu na Wakristo pamoja.

Hotidogi ikiandikwa ni ya nyama ya ng'ombe haina maana ni halali. Mtu wa vikundi mwambie mapema, wiki mbili tatu kabla, na ulizeni kama kuna chakula cha mboga ndani ya bei ya pikiniki. Mara nyingi kipo ila hakitajwi. Chakula cha kutoka nje viwanja vingi haviruhusu, isipokuwa cha mtoto mchanga na cha mgonjwa, kwa hiyo usiwaambie watu wabebe mahotpoti ya pilau halafu wakazuiwa mlangoni. Sisi tunakula nyumbani kwa mwenzetu mmoja aliye karibu na uwanja, tunakwenda tumeshiba, kule tunanunua vitafunwa tu. Imetufaa.

Kuhusu sala: mechi nyingi za jioni huanza saa 12:35 au saa 1:05. Kiangazi jua linazama mechi ikiwa katikati, yaani Magharibi itawakuta ndani. Nendeni kwenye dawati la kuhudumia wageni mara tu mkiingia, elezeni kwa adabu, ombeni kona tulivu. Kila tulipoomba tulipewa.

Na mzio wa karanga usidharauliwe. Besiboli na karanga ni pete na kidole, maganda yanatapakaa chini ya viti. Hartford Yard Goats kule Connecticut waliamua mwaka 2019 kuondoa karanga kabisa uwanjani kwao. Timu nyingine hutenga sehemu au siku bila karanga. Mwenye mtoto wa namna hiyo aulize.

Kijiko cha Mbao

Jamani nashukuru. Swali jingine: inachukua muda gani? Dereva wetu wa basi analipwa kwa saa.

Saa ya Ukutani

Hilo niachieni mimi.

Besiboli haina dakika 90, ni mpaka iningi ziishe. Ila siku hizi ni nafuu. Mwaka 2022 ligi ndogo za ngazi zote ziliweka saa kali ya kumhesabia mrushaji sekunde, na mechi zikafupika kwa takriban dakika 25. Ligi kuu ikaiga mwaka uliofuata. Mpigie hesabu dereva saa mbili na nusu hadi tatu za mchezo, ongeza nusu saa ya kuingia na nusu saa ya kutoka. Kama kuna fataki ongeza tena.

Iningi tisa zikiisha sare wanaendelea. Tangu 2018 katika ligi ndogo iningi ya nyongeza huanza mtu akiwa tayari kituo cha pili, ili ushindi upatikane haraka. Zamani hakukuwa na huruma hiyo. Tarehe 18 Aprili 1981, Pawtucket Red Sox walikuwa wanacheza na Rochester Red Wings pale Pawtucket, Rhode Island. Wakacheza usiku kucha. Saa 10 alfajiri na dakika 7 wakasimamishwa baada ya iningi ya 32, matokeo sare, jukwaani wamebaki watu 19. Wakaja kumalizia tarehe 23 Juni, ikachukua iningi moja tu, Pawtucket wakashinda 3-2. Jumla saa 8 na dakika 25, mechi ndefu kuliko zote za besiboli ya kulipwa. Uwanjani siku ile walikuwemo Wade Boggs na Cal Ripken Jr., wote baadaye wakaingia kwenye Jumba la Heshima la besiboli. Hapo utaona ligi ndogo ina historia yake, siyo ngazi ya kupitia tu.

Mkikuta mechi mbili siku moja kwa tiketi moja, msishangae. Huwa ni kwa sababu ya mvua ya siku iliyotangulia, na kila mechi inakuwa ya iningi saba.

Kijiko cha Mbao

Na mvua ikinyesha siku yetu?

Saa ya Ukutani

Mechi huhesabiwa kuwa imekamilika ikifika iningi tano, au nne na nusu kama wenyeji wanaongoza. Ikikatika kabla ya hapo kawaida tiketi inabadilishwa kwa siku nyingine. Pesa kurudishwa ni nadra. Chakula cha pikiniki ni habari nyingine kabisa: kikishapikwa kimepikwa. Ombeni masharti ya mvua kwa maandishi kabla ya kulipa malipo ya awali, hasa kama mmelipia chakula.

Theluji Nyeupe

Mnazungumza kiangazi tu. Sisi wa kaskazini msimu wa baridi ndio watu wanajifungia ndani na upweke unawala. Hoki ya barafuni ndiyo mkombozi wetu. AHL ni ligi iliyo chini tu ya NHL, ligi kuu ya hoki, na ina timu 32. Ukumbi una paa, mvua haikuhusu. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na mapumziko mawili marefu ya kula na kuzungumza, watoto wakiangalia lile gari linalolainisha barafu.

Mtoko mzuri kuliko wote kwa kikundi chenye watoto ni siku ya wanasesere. Kila mtu anakuja na mwanasesere wa dubu, na timu ya nyumbani ikifunga bao la kwanza, ukumbi mzima unawarusha kwenye barafu. Wanaokotwa na kupelekwa kwa watoto wahitaji kupitia mashirika ya hisani. Hershey Bears wa Pennsylvania walikusanya 102,343 tarehe 5 Januari 2025. Timu nyingi tu ndogo zina siku kama hiyo. Watoto wetu wengi waliwahi kupokea msaada, na siku ile wao ndio wanaotoa. Niliona nyuso zao. Mzazi yeyote aliyewahi kupanga foleni ya msaada ataelewa ninachosema.

Onyo: ndani ni baridi, makoti yasiachwe kwenye gari. Na watoto wakae nyuma ya kioo au wavu, ile diski inayochezewa badala ya mpira inaruka kwa kasi. Besiboli hali kadhalika, kaeni nyuma ya wavu.

Beki Mstaarabu

Kwa nini hakuna anayetaja soka? Watu wetu wote wanaijua, hakuna haja ya somo la kwenye gari. Ligi za chini ya ile kuu ya MLS zipo: USL ipo, MLS NEXT Pro ipo tangu 2022. Nendeni Hamtramck, Michigan, mkaone Detroit City FC pale Keyworth, uwanja wa mwaka 1936 ambao mashabiki wenyewe walichangia pesa kuukarabati. Ngoma, nyimbo, moshi wa rangi, watu wamesimama muda wote. Mtu wa Dar, Mombasa au Bukavu akiingia pale atajiona yuko nyumbani.

Mpanga Misafara

Beki, kwa kikundi cha wapenda soka nenda bila kusita. Ila soka inadai macho. Dakika 45 hakuna pa kuinuka, ukimpeleka mtoto chooni bao limepita, na wasiopenda mpira wanahesabu dakika. Ndiyo maana kwa mchanganyiko bado nitaanza na besiboli. Kikapu cha G League, ligi ndogo ya NBA, nacho kinafaa: kumbi ni ndogo, mnakaa karibu, na tangu msimu wa 2019–20 wana sheria ya mrusho huru mmoja kubeba pointi zote, isipokuwa dakika mbili za mwisho na muda wa nyongeza, kwa hiyo mchezo hausimamisimami.

Beki Mstaarabu

Haya, mkuu. Nitapeleka kikundi kimoja besiboli mwezi ujao nione. Lakini wale wa ngoma nawapeleka Keyworth.

Mtunza Hazina

Nimesoma kimya kimya, naomba niseme la pesa maana ndilo linalovunja urafiki.

Chukua pesa kwanza, nunua tiketi baadaye. Mtu akisema "niandikie, nitalipa pale" andika jina lake kwenye orodha ya wanaosubiri. Timu nyingi zinataka malipo ya awali na zinakupa tarehe ya mwisho ya kutaja idadi kamili. Taja idadi ya waliolipa, siyo ya walioahidi. Tiketi za ziada mara nyingi unaweza kuongeza kwa bei ileile, kupunguza ndiyo kazi.

Viwanja vingi havipokei tena pesa taslimu. Wazee wetu wanatembea na noti mfukoni, wakifika pale hawawezi hata kununua maji. Watu wenye kadi wajipange kusaidia, au mnunue kuponi za chakula kwa pamoja kabla.

Tiketi zinakuja kwa simu. Zitumieni siku mbili kabla, siyo mkiwa langoni na mtandao umeelemewa. Kwa asiye na simu janja, mpangaji abaki na tiketi yake na aingie naye. Mikoba nayo, viwanja vingi vinataka inayoonekana ndani au midogo sana. Andikeni hilo kwenye tangazo kwa herufi kubwa.

Na kwa vyama vinavyotafuta fedha: timu zina utaratibu wa kukupa kiungo chenu cha kuuzia tiketi, na sehemu ya kila tiketi inarudi kwenu. Pia viwanja vingi huruhusu taasisi zisizo za faida kuhudumu kwenye vibanda vya chakula kwa mgao wa mauzo. Kazi ni nzito, mnasimama mechi nzima, lakini kwa kwaya inayonunua sare au timu ya vijana ni fedha ya uhakika.

Sauti ya Pili

Mmetaja kwaya! Timu nyingi hupokea rekodi za wanaotaka kuimba wimbo wa taifa wa Marekani kabla ya mechi. Kwaya yetu ilituma mwezi wa pili, tukapangiwa mwezi wa sita. Rekodi iwe bila ala na isizidi dakika moja na nusu, wanapenda uimbwe bila madoido. Familia zote za waimbaji zilinunua tiketi, kwa hiyo kikundi kilijijaza chenyewe bila kubembeleza mtu. Watu wetu waliokuwa wanaona haya kuzungumza Kiingereza walisimama mbele ya uwanja mzima wakaimba maneno yote, na kofia zote jukwaani zilikuwa zimevuliwa.

Kijiko cha Mbao

Nimepiga simu leo mchana. Wametupa Jumapili, eneo la pikiniki, hakuna fataki, chakula cha mboga kipo kwa watu wanane. Masharti ya mvua wanatutumia kwa barua pepe. Mama mmoja wetu anatumia kiti cha magurudumu, wamesema watamwekea nafasi, ila wanampa na mtu mmoja tu wa kukaa naye. Ana wajukuu watatu na wote wanataka kukaa na bibi.

Mpanga Misafara

Dada, rudi kwao uwaambie hivyohivyo, familia ni ya watu wanne na inataka kukaa pamoja. Waombe nafasi ya kiti cha magurudumu hapo hapo kwenye eneo la pikiniki, kwenye meza ya mwisho, badala ya kule jukwaani. Meza nyingi za pikiniki viti vyake vinasogezwa, kwa hiyo wajukuu watakaa kumzunguka. Uliza pia kama kuna lifti au njia ya mteremko kutoka maegesho hadi pale, na geti lipi liko karibu nayo, kisha mwambie dereva awashushe geti hilo kwanza.

Kijiko cha Mbao

Wamekubali. Meza ya mwisho, geti la upande wa kituo cha tatu. Nakusanya pesa kuanzia kesho.